Kilichoota Nje ya Kabati

Fomu ya hospitali ile ina visanduku kumi na vinne, na cha sita kimeandikwa KAZI. Karani wa mapokezi, mwanamume wa makamo mwenye foleni ya watu hamsini mbele yake na chai inayompolea pembeni, alikuwa amegundua zamani kwamba kisanduku hicho kinakula muda. Ukimuuliza mtu jina, atakutajia jina. Ukimuuliza kazi, atakusimulia maisha. Kwa hiyo karani alijitungia utaratibu. Mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa aliandikwa "mfanyabiashara", mwenye viatu vya vumbi "mkulima", na mwanamke yeyote aliyejifunga kitambaa kichwani na kuvuka miaka arobaini aliandikwa "mama wa nyumbani" kabla hajalifikia dirisha. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana hakuna aliyewahi kusomewa.

Mwanamke aliyefika dirishani Jumatatu moja, mkono wa kulia kaupakata kwa wa kushoto kama amebeba mtoto wa mwenzake, hakuwa mama wa nyumbani. Nyumba yenyewe hakuwa nayo. Tangu mumewe afariki alikuwa akiishi chumba cha nyuma kwa wifi yake, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye mkasi mkali na ulimi uliouzidi mkasi. Kazi yake ilikuwa usafi katika ofisi ya mawakili: ghorofa mbili, vyumba kumi na tisa, sakafu ya mbao iliyotaka kupigwa deki kwa kitambaa kilichokamuliwa kikakauka. Mawakili walimwita Bi Kioo, kwa sababu mlango wa kioo alioupangusa uliwahi kumvunja pua wakili mwanafunzi aliyedhani uko wazi. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ambalo pale ofisini hakuna aliyekuwa na habari nalo.

Katika chumba cha wateja kulikuwa na tangi la samaki, refu kama kitanda cha mtu mmoja. Wakili Mkuu alilinunua baada ya kusoma mahali kwamba mtu akitazama samaki presha hushuka, na mteja ambaye presha yake imeshuka habishani sana. Samaki walikuwa kumi na wanne, na kila mmoja alipewa jina la wakili wa upande wa pili. Akifa mmoja, Wakili Mkuu alishinda na furaha siku nzima. Kusafisha tangi hakukuwemo katika mkataba wa mtu yeyote, na kazi isiyokuwemo katika mkataba wa mtu yeyote ilikuwa ya Bi Kioo.

Kila Ijumaa alikunja mikono ya gauni hadi juu ya kiwiko, akapunguza maji kwa ndoo, akazamisha mikono na kusugua utando wa kijani kwenye kuta za ndani. Glavu alipewa, jozi moja, za saizi ya mpakuzi wa malori. Zilijaa maji zikawa kama viwele. Akazivua mwaka wa kwanza, na miaka kumi iliyofuata hakuna aliyeuliza ziko wapi.

Mwezi wa kumi na moja alijikwangua kifundo cha mkono kwenye jiwe la mapambo. Akanyonya damu, akaendelea. Wiki tatu baadaye palikuwa na kinundu kisichouma. Miezi miwili baadaye kifundo kizima kilikuwa kimevimba, na asubuhi vidole viligoma kukunjika mpaka avisihi. Homa hakuwa nayo. Chakula alikula. Ni mkono tu uliokuwa haupokei amri.

Msimamizi wa kampuni ya usafi, ambaye ndiye aliyemwajiri, alikuja kumwangalia siku ya tatu mfululizo kitambaa kilipodondosha maji kwenye sakafu ya mbao.

"Mama, umeona hiyo?" alisema, akionyesha matone kama aonyeshaye nyoka. "Mtu wa kawaida akiteleza anasema aah. Wakili akiteleza anafungua kesi."

"Mkono tu, baba. Utapoa."

"Basi nenda ukauguze. Nafasi nakushikia. Ila mimi sitaki kuona cheti cha daktari, vyeti nimeviona vingi. Siku utakayokamua kitambaa mbele yangu kisidondoshe hata tone, kesho yake unaanza kazi."

Lilikuwa sharti la haki kabisa. Yeye mwenyewe aliliona hivyo. Akaenda hospitali akiwa na lengo moja duniani, ambalo lingetosha kuandikwa juu ya bahasha: kukamua kitambaa.

Daktari wa viungo alikuwa mpole na msomi, mchanganyiko ambao wagonjwa huupenda na ambao haujawahi kumuua mdudu. Alijua kwamba kiungo kinachovimba polepole bila homa huenda kina bakteria wa ajabu ajabu, wale wasiotajwa ila kwenye mitihani, na kwa ajili yao alikuwa na karatasi mbili za maswali alizozitayarisha mwenyewe. Ya kwanza ilihusu nyumbani. Ya pili ilihusu kazini.

"Una ng'ombe au mbuzi nyumbani, Mama?"

"Nyumba ya watu, Daktari. Hata kuku sina."

"Maziwa mabichi unakunywa?"

"Nayaogopa."

"Umeumwa na paka? Mbwa? Panya?"

"Labda wifi yangu. Lakini hajafika kwenye nyama."

Daktari alicheka, akaandika "hapana". Akageuza karatasi ya pili, yenye maneno ngozi, nyama, samaki, udongo, kila moja na kisanduku chake. Akatupia jicho fomu ya mapokezi. Akaona "mama wa nyumbani". Akairudisha karatasi ya pili kwenye droo bila kuiwekea hata alama.

"Daktari, shida yangu hasa ni kukamua kitambaa," Bi Kioo alisema. "Nikikamua..."

"Ndiyo, Mama. Kazi za nyumbani zipunguze kidogo. Watoto wasaidie."

Watoto hakuwa nao. Lakini aliyekuwa akiongea ni daktari, na yeye alikuwa amezoea watu wenye vyeti wamalizie sentensi zake.

Daktari alivuta maji ya kiungo kwa sindano, mazito, rangi ya uji, pamoja na kipande kidogo cha nyama ya kinundu, akayapeleka maabara.

Maabara kulikuwa na mtu aliyeitwa Thelathini na Saba. Ndilo lilikuwa joto la kabati lake la kuoteshea bakteria, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amelipima asubuhi na jioni, akaandika daftarini na kutia sahihi. Siku mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, daftari lina sahihi zote mbili. Kwenye mlango wa kabati alibandika karatasi ya mwandiko wake: KISICHOOTA HUMU HAKIKUOTA. Wageni walidhani ni mzaha, kwa kuwa hawakumjua.

Tumtendee haki: alifanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Alipaka tone kwenye kipande cha kioo, akalitia rangi, akalikodolea macho kwenye darubini dakika kumi. Chembe za usaha tele, bakteria hakuna. Akapaka jingine kwenye visahani. Na kwa kuwa daktari aliomba wasubiri wiki nane, kama inavyofanywa kwa bakteria wavivu wa kuota, akapanda matone yaliyobaki katika vichupa viwili vyenye chakula cha kijani, kile kinachopikwa kwa mayai. Kichupa cha kwanza kikaingia kabatini. Cha pili kikakosa nafasi, maana wiki ile kabati lilijaa mikojo ya kliniki nzima ya wajawazito. Akakiweka dirishani, akisema atakiingiza mchana. Mchana ulipita, zikapita na siku kumi na tatu.

Dirisha lile lilipata jua la asubuhi na upepo wa uani. Joto lake lilikuwa digrii ishirini na nane, siku nyingine thelathini. Mgeni aliyekuwa ndani ya kichupa alikuwa bakteria wa majini, ndugu wa mbali wa yule wa kifua kikuu, asiyestahimili joto la ndani ya mwili wa binadamu. Ndiyo maana hukaa mikononi na miguuni, kwenye baridi baridi. Katika jengo zima lenye wataalamu mia mbili, mahali pekee palipomfaa palikuwa hapo dirishani. Akaota.

Aliyemwona kwanza ni mwenzake Thelathini na Saba, mwanamke wa benchi la kupima damu, aliyekuwa akifungua dirisha.

"Kaka, hii njano yako hapa ni nini?"

"Uchafu."

"Uchafu gani unaota vidonge vidonge hivi? Halafu tazama, upande wa dirishani njano, upande wa ukutani mweupe. Kama umepakwa na jua."

"Kimekaa nje ya kabati wiki mbili, dada. Ulitaka kiote nini, maua?"

"Kitie rangi basi ukiangalie. Nusu saa tu."

"Nikianza kutia rangi kila kinachoota nje ya kabati, nitaanza na ule mkate wa kwenye droo yako."

Mwanamke wa damu akacheka, kwa sababu mkate ulikuwepo na kweli ulikuwa umeota. Kicheko hicho kilimaliza mjadala. Thelathini na Saba alikishika kichupa kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga. Njano ilikuwa kali, ya kung'aa, njano ya mstari wa barabarani. Akakitia kwenye chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu pamoja na taka za siku ile, akageuza kitasa.

Wiki nane zilipotimia, kichupa cha kabatini kilikuwa kitupu kama kilivyoingia. Akaandika jibu: "Hakuna kilichoota." Lilikuwa jibu la kweli. Kabatini hakuna kilichoota.

"Habari njema, Mama," daktari alisema. "Hakuna mdudu."

"Sasa ni nini?"

"Baridi yabisi. Mwili unajipiga wenyewe. Tutaupoza kwa sindano."

Sindano ile huondoa uvimbe kwa kuwafukuza askari wa mwili kwenye kiungo. Pasipo na adui, ni dawa nzuri. Penye adui, ni kama kuwapa walinzi likizo na kumwachia mwizi funguo. Wiki mbili za kwanza Bi Kioo aliona nuru. Uvimbe ulishuka, vidole vikakunjika, na asubuhi moja kwenye karo la jikoni alikamua kitambaa kikabakiza matone matatu tu.

"Matatu!" alimwambia wifi yake.

Wifi alikuwa akinywa chai. Aliinama akayatazama matone.

"Msimamizi wako amesema mangapi?"

"Hata moja."

"Basi bado uko kwangu."

Tusimwonee wifi. Ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni kila asubuhi, akimvutavuta kama anayefunga gunia, na ndiye aliyemkatia nyama sahanini. Lakini alitaka ijulikane. "Kaka yangu aliniachia vitu viwili," aliwaambia wateja wa sare, Bi Kioo akiwa amekaa palepale. "Redio mbovu na huyu. Redio angalau nilipata wa kumpa."

Sindano ya pili ilifanya kazi siku tano. Ya tatu haikufanya kazi. Daktari, aliyekuwa na jibu la maabara lenye sahihi na mhuri, aliamini karatasi kuliko mkono uliokuwa mezani pake, akaongeza vidonge vya aina ileile. Mwezi wa saba ngozi ya kifundo ilipasuka yenyewe Bi Kioo akiwa anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Kilichotoka wifi alikiita uji, kisha kwa wiki nzima akashindwa kunywa uji, na kwa hilo pia akamlaumu mgonjwa.

Akalazwa. Wapasuaji walifungua mkono, wakakuta vifupa vya kifundo vimelika kama sukari guru iliyosahauliwa kwenye mvua. Wakaosha, wakakwangua, wakachukua vipande vipya vya nyama kwa ajili ya maabara, wakafunga.

Siku ya tatu wifi alikuja kumtazama. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na sita na sauti ya wifi ilivitosha vyote.

"Miaka kumi na mmoja unaogesha samaki wa watu," alisema, akiweka chupa ya chai mezani kwa kishindo. "Samaki kumi na wanne! Yuko wapi hata mmoja aliyekuja kukupa pole? Mimi ambaye hujaniogesha hata mguu ndiye niliyepanda ngazi hizi."

Wodi ikacheka. Bi Kioo naye alicheka, maana akicheka na watu haionekani anachekwa. Asiyecheka alikuwa daktari wa viungo, aliyekuwa kitanda cha pili na kundi lake. Aligeuka polepole.

"Samaki gani?"

"Mwulize mwenyewe. Ana samaki wengi kuliko bahari, wote si wake."

"Mama," daktari alisema, "wewe si mama wa nyumbani?"

"Nyumba ya nani?" wifi alidakia kabla mgonjwa hajafumbua mdomo. "Anitajie!"

Basi pale kitandani, miezi mitano baada ya karatasi ya pili kurudishwa kwenye droo, Bi Kioo akaulizwa kazi yake. Akaeleza: deki, vioo, tangi, Ijumaa, mikono mpaka kiwiko, jiwe la mapambo. Ilichukua dakika mbili. Daktari alisikiliza rangi ikimtoka usoni. Kisha akafanya jambo ambalo wodi ile haikuwahi kuliona. Alikimbia.

"Vipande vya kifundo cha mkono vya juzi," alimwambia Thelathini na Saba mlangoni mwa maabara, akihema. "Viko wapi?"

"Kabatini. Thelathini na saba kamili."

"Vitoe. Otesha nje. Digrii thelathini, zisizidi. Huyu haoti kwenye joto. Na viweke penye mwanga, anageuka njano akipata mwanga."

Mwanamke wa damu alikuwa kwenye benchi lake. Mkono wake ulisimama hewani na kioo mkononi. Yeye na Thelathini na Saba wakatazamana, halafu kila mmoja akatazama dirisha, halafu hawakutazamana tena kutwa nzima.

Siku ya kumi na moja kichupa cha dirishani kilikuwa njano. Thelathini na Saba alikitia rangi mwenyewe. Vijiti vyekundu, vingi, vimelaliana kama kuni. Akaandika jibu kwa herufi nzuri, na penye "Maelezo mengine" hakuandika kitu.

Hospitali ilifurahi kama imepata mjukuu. Ilikuwa mara ya kwanza mdudu yule kuonekana katika jengo lile, au tuseme mara ya kwanza kuandikwa. Kukawa na mkutano. Mkono wa Bi Kioo ulipigwa picha pande zote, ukaonyeshwa ukutani mkubwa kama mlango, na daktari mkuu alisema anasikitika kwamba wengi humaliza utumishi wao bila kukutana na bahati kama hii. Wakapiga makofi. Mwenye mkono alikuwa wodini wakati huo, akisubiri mtu wa kumfungulia kifuniko cha chupa ya chai.

Thelathini na Saba alikuja wodini siku moja baada ya chakula cha mchana. Hakuwa amewahi kupanda ghorofa ya wagonjwa; alizoea kukutana nao wakiwa ndani ya vichupa. Alisimama miguuni mwa kitanda, koti jeupe limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni wa maabara. Ndiye niliyemwona mdudu wako."

"Marahaba. Asante, baba. Mungu akulipe."

Hapo angeweza kuondoka. Mtu mwingine angeondoka.

"Nilimwona mara mbili," alisema.

"Mara mbili?"

"Mara ya kwanza mwezi wa tatu. Kabla ya sindano."

Bi Kioo alijisogeza juu ya mto kwa kiwiko.

"Ukafanya nini?"

"Nikamtupa. Nilidhani uchafu. Aliota nje ya kabati."

"Aliota akiwa na rangi gani?"

"Njano, Mama. Ya kung'aa."

"Kwa hiyo ulimwona vizuri."

"Nilimwona vizuri."

Bi Kioo akamtazama koti, kola, vifungo, kama anayetafuta doa.

"Mimi ni mtu wa uchafu," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. "Miaka kumi na mmoja. Kwenye ile ofisi, karatasi ikiwa imekunjwa, imeanguka chini, imekanyagwa, siitupi. Naiokota, naenda mlango kwa mlango nauliza, hii ni ya nani? Wananicheka. Na mimi sikusoma."

Thelathini na Saba alikuja ili mzigo umpungue. Alitelemka ngazi ukiwa mzito zaidi. Lakini daftari la siku ile lina sahihi ya jioni.

Dawa zilikuwa mbili, za miezi tisa. Moja iligeuza mkojo wake rangi ya machungwa, jambo ambalo wifi alilitangaza mtaani kama habari ya hali ya hewa. Mdudu alikufa. Vifupa havikurudi. Wapasuaji wakaweka bamba la chuma kuunganisha mkono na kiganja, na tangu hapo kifundo kikawa kimenyooka daima kama mkono wa askari anayesimamisha magari. Kidole gumba na viwili vya jirani vilishika vitu vyepesi. Viwili vya mwisho vilibaki kama vya mtu mwingine.

"Umepona, Mama," daktari alisema, na machozi yalimlenga kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Hakuna tena hata mdudu mmoja."

"Nitaweza kukamua?"

Daktari akatazama picha ya mifupa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Fanya mazoezi," alisema.

Alifanya. Kila asubuhi, karo la jikoni, kitambaa kilekile. Kifundo kisichopinda hakikamui. Kinashika tu, na kitambaa kinateleza. Wifi alikuwa akihesabu matone kwa sauti bila kuacha kushona. Ishirini. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Wiki ya sita wifi aliacha kuhesabu. Wiki ya saba mlango wa jikoni ukaanza kufungwa kwa ndani.

"Unafanya nini humo?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya siri?"

"Ya kukamua."

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata alikwenda kwa msimamizi, gauni limefungwa vifungo vyote, kitambaa cha kichwani cheupe. Msimamizi alikuwa kwenye stoo ya kampuni, kati ya ndoo na mafagio. Alitimiza ahadi: nafasi alikuwa ameishika kweli, kwa kuweka watu wa muda, mmoja baada ya mwingine.

"Mama! Karibu. Sasa huo mkono?"

"Lete kitambaa."

"Hakuna haraka, kaa kwanza unywe..."

"Lete kitambaa, baba."

Akaleta ndoo ya maji na kitambaa kizito cha deki, kipya, kile cha pamba. Bi Kioo alikichovya, akakiinua kwa mkono wa kushoto, kinatiririka. Alikikunja katikati, akainama, akauma ncha moja kwa meno ya nyuma, akaikaza, na kwa mkono wa kushoto akasokota ile nyingine. Shingo ilimsimama mishipa. Maji yalimmwagikia kidevuni, kifuani, yakaloanisha gauni hadi tumboni. Akasokota tena. Yakapungua. Akasokota mpaka kitambaa kikawa kama kamba ya kufungia ng'ombe, na macho yakawa mekundu, na maji yakaisha.

Akakitoa mdomoni, akakining'iniza juu ya sakafu kavu ya stoo. Wakakitazama wote wawili. Msimamizi alitazama saa yake. Ikapita dakika nzima. Hakikudondosha kitu.

"Tayari," alisema, akipangusa kidevu kwa bega.

Msimamizi alikohoa.

"Mama, kwa meno."

"Ulisema kisidondoshe. Hukusema kikamuliwe kwa kitu gani."

"Wateja watakuona. Ofisi ya mawakili ile. Mtu amekaa anasubiri kesi yake, anakuona umeuma kitambaa cha deki kama... Mama, wewe mwenyewe fikiria."

"Nitakamulia chooni."

"Choo cha nani? Si nacho kina watu?"

Bi Kioo alimnyooshea kitambaa.

"Kikamue wewe basi," alisema. "Kikitoa tone, naondoka mwenyewe."

Msimamizi alikipokea. Alikunja mikono ya shati, akashika huku na huku, akasokota kwa viganja viwili vizima, vyenye nguvu, vya mtu aliyeanza kazi kwa kupakua malori. Alisokota mpaka akauma midomo. Hakikutoa hata tone. Akakiangalia, akakitundika kwenye msumari, akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akavuta daftari la wafanyakazi, akatafuta mstari wa Bi Kioo, akaandika: "Hawezi kukamua."